Shemeji ameleta mbegu za GMO, chama kimegawanyika

BARUA

Bibi Shamba, shikamoo.

Mimi nalima upande wa Sabaki, si mbali na Malindi mjini. Mume wangu ni mvuvi, kwa hiyo shamba tumeachiwa mimi na mavyaa. Tunalima mabiringani, bamia na tungule kando ya mto, na mabiringani ndiyo yanayolipa karo. Mengi tunapeleka sokoni Malindi, na yale marefu meusi yasiyo na doa huchukuliwa na mnunuzi wa hoteli moja ya Waitaliano. Mimi pia ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama wakulima.

Kinachotumaliza ni funza. Kwanza unaona ncha ya tawi imenyauka asubuhi na mmea umenyweshwa jana tu. Baadaye tunda linatoboka. Kwa nje ni kitundu kidogo chenye vumbi la kahawia mdomoni, lakini ukilipasua ndani ni njia nyeusi tupu na funza wa rangi ya waridi amejikunja. Tukichuma magunia matatu, moja ni la kutupa. Tunapiga dawa mara mbili kwa wiki, na tunachanganya aina mbili tatu kwenye pampu moja kwa sababu moja peke yake haiwaui tena. Siku ya dawa, ikifika jioni kichwa huniuma na mikono huwasha hata nashindwa kukuna nazi.

Sasa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu anayefanya kazi Mombasa, amekuja na rafiki yake. Wamebeba mbegu za mabiringani ndani ya pakiti za nailoni, hazina lebo. Wanasema ni GMO, yaani zilizobadilishwa jeni, kutoka India, kule kila mkulima anazipanda, funza akila jani anakufa na sisi tutasahau habari za dawa. Pakiti moja ni Sh6,000, lakini chama kikichukua kumi watatuachia kwa Sh50,000. Pesa hizo tunazo, ni akiba ya chama, na rafiki yake shemeji anazitaka kabla ya mwezi kuisha.

Mkutano ulikuwa wa kelele. Wengine wanasema tununue tupumue. Wengine wanasema GMO inaleta saratani na kufunga uzazi, na kuna aliyesikia kwamba ndani yake wametia chembe ya nguruwe, kwa hiyo ni haramu. Mwenyekiti naye anasema tungule za haibridi tunazolima kila mwaka ni GMO hizo hizo, na hatujafa. Mavyaa ndiye mkali zaidi. Ana mbegu yake ya mabiringani meupe madogo aliyoachiwa na mamake, na amesema pakiti hizo zikiingia shambani yeye hatakanyaga tena. Mnunuzi wa hoteli habari zimemfikia, akaniuliza kama mabiringani yangu ni ya GMO, na kama ni hivyo tusiendelee. Mume wangu ananiambia nisimvunjie heshima mdogo wake.

Bibi Shamba, tununue ama tusinunue? GMO yenyewe ina madhara au ni maneno ya watu? Na mavyaa nimwambie nini?

Mweka hazina, Sabaki

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Pesa za chama zisitoke. Nalitanguliza hilo kwa sababu umesema jamaa huyo ana haraka ya kulipwa, na mbegu isiyo na lebo haina anayeiwajibikia siku itakapokataa kuota.

Mliyoambiwa kuhusu India si kweli. Ni sawa kwamba biringani la Bt, yaani lililotiwa jeni ya bakteria ili liue funza, lilitengenezwa huko, na Oktoba 2009 kamati ya serikali inayosimamia mambo haya ililipitisha. Lakini biringani kwa Wahindi ni chakula cha kila jiko, lina aina nyingi sana za kienyeji, na watu walikuja juu. Waziri wa mazingira wa wakati ule, Jairam Ramesh, alizunguka miji saba kusikiliza wakulima, wanasayansi na walaji, kisha tarehe 9 Februari 2010 akasimamisha mpango wote. Mwaka 2019 mabiringani hayo yalipogunduliwa yamepandwa kwa siri katika jimbo la Haryana, wakuu wa huko waliyang'oa. Kwa hiyo kama mbegu za rafiki yake shemeji ni za Bt kweli na zimetoka India, basi ni za magendo huko huko zilikotoka. Na kama si za Bt, mtakuwa mmelipa Sh50,000 kwa mabiringani ya kawaida, na funza watayala kama wanavyokula ya sasa.

Hapa Kenya hali ni hii. Tuna Sheria ya Usalama wa Viumbe ya 2009, na mamlaka yake ya kitaifa ambayo hupima kila kiumbe kilichobadilishwa jeni kabla hakijagusa udongo wetu. Pamba ya Bt ilipita, Baraza la Mawaziri likaidhinisha ilimwe Desemba 2019. Mboga hakuna hata moja iliyoruhusiwa kulimwa kibiashara, si biringani, si tungule, si sukumawiki. Anayeingiza au kupanda bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi Sh milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Mwambie mumeo hilo kwa utaratibu. Kumkatalia mdogo wake si kumvunjia heshima, maana polisi wakija watakaotafutwa ni wenye shamba na aliyetoa pesa, na aliyetoa pesa ni wewe.

Hofu za wenzako sizidharau, kwa sababu zina chanzo. Septemba 2012 mtafiti wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini, alitoa utafiti uliokuwa na picha za panya wenye uvimbe mkubwa, akasema wamelishwa mahindi ya GMO. Picha zile zilizunguka dunia nzima. Novemba mwaka huo huo serikali yetu ikapiga marufuku vyakula vya GMO kutoka nje, na utafiti huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Wanasayansi wengine walipoukagua waliona panya katika kila kundi walikuwa wachache mno, tena ni wa aina ambayo hupata uvimbe kwa urahisi wakizeeka hata wakila chakula cha kawaida. Novemba 2013 jarida lililouchapisha likauondoa, ingawa mwaka uliofuata ulichapishwa tena kwingine. Habari ya kuondolewa haikufika vijijini. Zilizofika ni picha.

Marufuku yenyewe Baraza la Mawaziri liliiondoa Oktoba 2022, kesi zikafuata, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikatoa amri ya kusimamisha mambo mpaka rufaa isikilizwe. Ndiyo maana leo ukiuliza watu watatu kama GMO inaruhusiwa Kenya utapata majibu matatu.

Mimi nisomapo yaliyopimwa, ikiwemo ripoti kubwa ya akademia za sayansi za Marekani ya 2016, sioni ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyopitishwa vinaleta saratani au kufunga uzazi. Na katika biringani la Bt hakuna nguruwe. Bt ni bakteria wa udongoni, yuko hata kwenye shamba lako. Hutoa protini ambayo kiwavi wa nondo akiila, utumbo wake hutoboka akafa. Utumbo wetu sisi hauna mahali pa kuishika protini hiyo, tunaimeng'enya tu. Bakteria huyo huyo huuzwa kama dawa ya kunyunyizia, na hata wakulima wasiotumia kemikali wanaruhusiwa kumtumia. Walichofanya wanasayansi ni kuchukua jeni inayotengeneza protini hiyo wakaiweka ndani ya mmea. Nchi iliyoanza kulima na kula mabiringani haya ni Bangladesh, ambako walio wengi ni Waislamu kama wewe. Neno la mwisho kuhusu halali na haramu mwachieni sheikh wenu, lakini aulizwe kwa habari sahihi.

Nikae kidogo hapo Bangladesh, kwa sababu ndipo penye mfano ninaoupenda. Oktoba 2013 serikali yao iliruhusu aina nne, na mapema 2014 wakulima 20 wa kwanza wakapewa miche. Mbegu ni ya taasisi ya utafiti ya serikali, waliitia jeni ile ndani ya mabiringani yao wenyewe ambayo watu walishayazoea, na kwa kuwa si ya haibridi mkulima anaweza kuhifadhi mbegu yake akapanda tena bila kumwomba mtu. Walipolinganisha mashamba, gharama ya dawa ilipungua kwa zaidi ya theluthi na mavuno yakaongezeka. Wakulima walielekezwa pia wapande mistari ya mabiringani ya kawaida pembeni ya shamba, ili funza wasiozoea Bt waendelee kuwepo na kuzaana na waliozoea. Bila hivyo sumu huchakaa. Pamba ya Bt ya India ilishaonesha hilo, ambapo funza mwekundu wa vitumba aliizoea na sasa anaila. Na hata penye sheria, mboga hii haijatulia. Ufilipino waliruhusu biringani la Bt mwaka 2022, na Aprili 2024 mahakama yao ya rufaa ikafuta kibali kwa kuwa haikuridhika na ushahidi wa usalama.

Nakueleza yote haya ili ujue kwamba siipingi mbegu kwa kuwa ni ya GMO. Siku KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, wakilipima biringani la namna hiyo katika kituo chao cha Mtwapa, kwa udongo wetu na funza wetu, mbegu ikawa ya umma, mkulima akaruhusiwa kuihifadhi na mlaji akaambiwa anachokula, nitaliunga mkono waziwazi. Kupimwa hapa si urasimu. Kwa miaka mingi funza wa mabiringani wa Afrika alidhaniwa ni yule yule wa Asia. Mwaka 2015 wataalamu walipowachunguza nondo hao kwa makini walikuta wa Afrika ni jamii tofauti. Wanaharibu kwa namna ile ile, ncha inanyauka na tunda linatobolewa, lakini kinachomuua mmoja lazima kijaribiwe kwa mwenzake kabla hatujamwambia mama mwenye karo ya kulipa aweke akiba yake yote hapo.

Linaloniudhi ni kwamba watu wanauziwa mbegu gizani, halafu zikiharibika lawama inaiangukia sayansi na hasara inabaki kwa mkulima. Mnageuzwa shamba la majaribio bila kuambiwa, tena mnalipishwa.

Mwenyekiti wako umrekebishe taratibu. Tungule za haibridi si GMO. Haibridi ni mzao wa wazazi wawili wa jamii moja, mtu amechukua chavua ya mmoja akaipaka ua la mwingine kwa mkono. Ndiyo maana ukihifadhi mbegu yake na kuipanda, watoto hutoka mchanganyiko, wengine wakubwa, wengine vibonge, wengine hovyo. Hakuna jeni iliyoletwa kutoka kwa kiumbe kingine. Tikiti lisilo na mbegu na kuku wa nyama anayekua upesi nao watu huwaita GMO, na si kweli.

Kwa hiyo mnunuzi wa hoteli unaweza kumjibu bila kusitasita kwamba mabiringani yako si ya GMO. Ila akikuuliza kuhusu dawa utamwambia nini? Hapa ndipo moyo wangu ulipo, binti yangu. Katika barua yako yote, kilichonitisha si pakiti za shemeji, ni huko kuumwa kichwa na kuwashwa mikono. Hiyo ni sumu inayopita kwenye ngozi yako. Inaingia pia ndani ya mabiringani yanayoliwa Malindi nzima, kama mnapiga leo na kuchuma kesho. Wanaogombana kama GMO itawaua wanakula mboga iliyonyunyiziwa dawa tatu kwa mpigo, na sijasikia kelele juu ya hilo.

Acheni kuchanganya dawa kuanzia wiki hii. Funza huyu akishaingia ndani ya tunda hakuna pampu itakayomfikia, na baada ya kutoka kwenye yai hukaa nje saa chache tu. Dawa nyingi mnazopiga zinaua buibui na nyigu wadogo wanaowasaidia, funza mwenyewe yuko ndani salama. Mkono ndio unaofaa zaidi. Kila asubuhi mkipita shambani, ncha yoyote iliyonyauka ikateni vidole viwili chini ya pale ilipolegea, maana funza yumo humo. Matunda yaliyotobolewa msiyatupe ukingoni mwa shamba, kwa sababu funza hutoka, hujifunika kwenye majani makavu na kuwa nondo tena. Yatieni kwenye mfuko wa nailoni mweusi, ufungeni vizuri na kuuacha juani mpaka waoze, au yafukieni chini kabisa. Hili lifanywe na mashamba yote ya chama kwa pamoja. Ukisafisha wewe peke yako, nondo wa jirani watahamia kwako usiku huo huo.

Mwarobaini mnao kila ua. Twangeni mbegu zake, lowesheni usiku kucha, chujeni kwa leso na nyunyizieni jioni. Ile dawa ya Bt niliyoitaja ulizieni kwenye agroveti, nayo ipigwe jioni kwa sababu jua huivunja nguvu, na ilenge ncha na maua kabla funza hajaingia. Mkilazimika kutumia dawa kali, iwe moja, kwa kipimo cha lebo, na zile siku za kusubiri kabla ya kuchuma zilizoandikwa kwenye chupa zihesabiwe kweli. Glavu, mikono mirefu, na usipige ukielekea upepo. Mabiringani na tungule ni ndugu, msifuatanishe kwenye kitalu kimoja. Baada ya mabiringani wekeni bamia au kunde.

Katika ile akiba, chama kikitaka mbegu mpya kinunue pakiti zenye lebo ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Kuna kibandiko cha kukwaruza chenye namba ya siri, unaituma kwa ujumbe kwenda 1393 na unajibiwa kama mbegu ni halali. Ni kazi ya dakika moja na ingewaepusha kelele za mkutano ule.

Na mavyaa. Mwambie ana haki. Biringani hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, lakini nyuki hubeba chavua ya shamba moja hadi jingine, na mbegu yake nyeupe ingeweza kuchanganyika na hizo za pakiti, na hata sasa inaweza kuchanganyika na yale marefu meusi ya hoteli. Msaidie kuilinda. Achague mimea michache iliyo na afya, mifupi, yenye matunda meupe safi, ipandwe mbali na meusi kadiri shamba linavyoruhusu. Maua machache kabla hayajafunguka yafungeni kwa kijimfuko cha kitambaa chepesi mpaka tunda lishike, kisha tunda hilo litiwe alama ya uzi. Lisichumwe kwa kula. Liachwe mpaka ganda ligeuke manjano na kuwa gumu, ndipo lipasuliwe, mbegu zioshwe kwenye maji, zinazoelea zimwagwe na zilizozama zianikwe kivulini. Akikubali, kila mwanachama apewe kidogo, ili shamba moja likiharibika mbegu isipotee.

Shemeji mpigie simu wewe mwenyewe au mumeo, kabla ya mkutano ujao, na kwa upole, kwani huenda naye amedanganywa. Mwambieni azirudishe pakiti zote, hata ile aliyowaachia ya kujaribu kama ipo. Msizipande, na msizitupe kando ya mto. Rafiki yake akigoma, ofisi ya kilimo ya Malindi ipewe habari. Na mwombe afisa wa kilimo wa wadi yenu aje kabla ya msimu kuanza. Mkateeni tunda lililotobolewa alione, mmpangie mezani chupa zote za dawa mnazochanganya zikiwa na lebo zake, na mumwambie kuhusu hiyo mikono yako inayowasha.

Bibi Shamba